Muulize Fundi: Mafuta ya breki yamekwenda wapi?

Barua za breki zimenijia nyingi mwezi huu, na karibu zote zina maneno yanayonikosesha raha: "dereva anaongeza mafuta kidogo, tunaendelea." Kwa hiyo barua ya mama wa Deep Sea nitaijibu kwa urefu, nyingine zitafuata kwa ufupi. Wenye maswali ya gia na radieta wanivumilie mpaka toleo lijalo.

Fundi, asalaam aleikum. Mimi nauza samaki hapa Deep Sea. Nina Hiace ya zamani ya dizeli, injini aina ya 3L, niliinunua mkononi mwa mtu miaka 6 iliyopita. Inabeba samaki wa barafu alfajiri kwenda Muheza, na siku nyingine inafika Korogwe. Tangu Ramadhani iishe, mafuta ya breki yanapungua. Dereva anaongeza kila baada ya siku 3. Pedeli inaingia chini sana, ukiipampu mara mbili inapanda. Fundi wa kwanza alisema tairi la nyuma kushoto linavuja, akaiminya paipu yake kwa koleo na kuikunja, akaniambia nitembelee hivyo mpaka nipate hela. Sasa ukikanyaga kwa nguvu gari inakimbilia kulia, na mafuta bado yanapungua. Fundi wa pili anataka ninunue masta silinda mpya. Nimechoka kutoa hela. Nimwamini nani?
Muuza samaki, Deep Sea, Tanga

Waaleikum salaam, mama yangu. Nakuomba jambo moja kabla hujaendelea kunisoma: hilo gari lisiondoke kesho alfajiri. Samaki waende kwa gari la kukodi siku mbili tatu. Najua barafu ni gharama na wateja wa Muheza hawangoji, lakini gari lako lina breki za matairi matatu, na mafuta yanatoka mahali ambapo bado hampajui.

Tuanze na hayo mafuta. Mafuta ya breki si kama dizeli wala oili ya injini. Gari haliyachomi wala haliyanywi. Yamefungiwa ndani ya paipu na kazi yake ni kusukumana: mguu unasukuma pedeli, pedeli inasukuma masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, mafuta yanakwenda kusukuma pistoni kule kwenye tairi. Iko sababu moja tu ya halali ya mafuta kushuka kwenye kikopo chake, nayo ni kulika kwa pedi za mbele. Pedi ikiwa nyembamba, pistoni hutokeza zaidi, na nafasi iliyobaki nyuma yake hujazwa na mafuta. Huko kushuka ni kwa miezi, kidogo kidogo. Kikopo kinachodai kuongezwa kila siku 3 kinavuja, hakuna mjadala.

Nalisema kwa ukali kwa sababu mimi mwenyewe nimekuwa huyo dereva wako. Mwaka 1994 nilikuwa naendesha Hiace ya tajiri mmoja kati ya Muheza na Amani. Chini ya kiti changu ilikaa chupa ya mafuta ya breki. Kila asubuhi nafungua kikopo, namimina, nafunika, naondoka. Nilijiona dereva makini, maana wenzangu wengine hata kukifungua hawakifungui. Siku hiyo tunashuka, mvua imenyesha, udongo mwekundu unateleza, nina abiria 14 na magunia ya iliki juu ya keria. Kwenye kona nikakanyaga, pedeli ikazama kama nimekanyaga mto wa sufi. Breki za nyuma hakuna. Za mbele zikashika mwisho kabisa, karibu na sakafu, na kwenye utelezi ule hazikutosha. Nikaingiza gia namba 1 kwa nguvu mpaka giaboksi ikalia, nikavuta hendibreki, nikalisukumia gari kwenye kingo ya upande wa mlima. Likajikwaruza ubavu mzima, likasimama. Mama mmoja alivunjika mkono. Tulipolilaza gari gereji tukakuta paipu inayopita juu ya ekseli ya nyuma imetoboka tundu la sindano. Kutu. Ile chupa yangu ilikuwa imenificha lile tundu kwa wiki nne.

Pale kwenye kingo kilichotuokoa ni kwamba masta silinda ya magari haya ina vyumba viwili, kimoja cha matairi ya mbele na kimoja cha nyuma. Upande mmoja ukipasuka, wa pili unabaki. Ndiyo maana gari lako bado linasimama, mama, na ndiyo maana dereva anadhani tatizo ni dogo.

Basi tuyatafute. Fanyeni kazi hii wewe na dereva kabla ya kumwita fundi yeyote. Jioni egesheni gari mahali tambarare, tandikeni maboksi makavu yaliyokunjuliwa chini ya kila tairi na chini ya sehemu ya mbele alipo dereva. Injini ikiwa inanguruma, dereva akanyage pedeli kwa nguvu mara 20, kisha azime. Asubuhi tazameni madoa. Doa peke yake halitoshi, kwa kuwa gari la zamani hudondosha mengi. Chovya kidole kwenye doa, halafu kichovye kwenye kikombe cha maji safi. Mafuta ya breki huchanganyika na maji yakapotea. Oili ya difu, yaani ya gia za ekseli ya nyuma, au ya injini huelea juu na kuweka rangi za upinde wa mvua.

Kipimo hiki kimewaokolea watu hela nyingi mbele ya macho yangu. Tairi la nyuma likilowa kwa ndani, mafundi wengi hukimbilia kusema wili silinda, ile silinda ndogo ya breki iliyo kwenye tairi. Mara nyingine ni oili sili ya ekseli imekufa, oili ya difu inatiririkia kwenye shuu, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani. Utabadilisha silinda tatu na tairi litaendelea kulowa.

Baada ya hapo dramu zote mbili za nyuma zivuliwe. Wili silinda ina vifuniko viwili vya raba, kimoja kila upande. Kifuniko kikunjuliwe kidogo kwa bisibisi. Unyevu wa kung'aa tu unavumilika. Yakitiririka, silinda hiyo imekwisha. Na hapa nisikilize vizuri: vumbi la ndani ya dramu lisipulizwe kwa kompresa, kama inavyofanyika gereji nyingi. Shuu za zamani zimetengenezwa na asbestosi, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, huleta saratani baada ya miaka mingi. Limwagiwe maji ya sabuni, lifutwe kwa kitambaa kibichi, kitambaa kitupwe. Watoto wanaoshinda gereji wasogezwe.

Siwezi kuliona gari lako nikiwa hapa, lakini ningeanzia mahali ambapo mafundi wako wote wawili hawakupataja, juu ya ekseli ya nyuma. Fikiria unabeba nini. Barafu inayeyuka njia nzima, maji yake yana chumvi ya bahari na damu ya samaki, sakafu ya Hiace ya umri huo haikosi matundu. Yale maji yanadondokea wapi? Juu ya paipu za breki, kwenye springi, na kwenye ile valvu inayopunguza au kuongeza nguvu ya breki za nyuma kufuatana na mzigo, yenye mkono mrefu ulioshikana na ekseli. Ongeza upepo wa bahari wa hapa kwetu. Paipu ya chuma ikilowa chumvi kila alfajiri huliwa chini ya rangi, na kwa juu bado unaiona nzima. Dereva alale chini na tochi, akwangue paipu kwa ncha ya bisibisi pale palipovimba. Paipu nzima hung'aa ikikwanguliwa. Iliyooza humeguka magamba, na pengine itatoboka hapo hapo mkononi mwake. Afadhali itobokee hapo.

Kuhusu fundi wa kwanza. Kuminya paipu ni kazi ya njiani, ya kukutoa porini gari likiwa tupu na kukufikisha gereji kwa kilomita 20 kwa saa. Ukitembelea hivyo na tani ya samaki, siku ya kukanyaga ghafla kwenye lami yenye maji tairi la nyuma kulia litajifunga peke yake na mkia wa gari utaondoka. Hiyo paipu ikishakunjwa hainyooshwi ikatumika tena, inabadilishwa. Na usikubali kuwekewa paipu ya shaba ya friji, hata kama fundi anaisifia kwamba haishiki kutu. Shaba tupu huchoka kwa mtikisiko ikapasuka, na shinikizo la breki ukikanyaga kwa nguvu linapita upepo wa tairi lako mara 20 na zaidi. Ulizia paipu iliyotengenezwa kwa ajili ya breki, na midomo yake ipigwe mikunjo miwili kama ya kiwandani.

Fundi wa pili na masta silinda yake namwekea alama ya kuuliza. Masta silinda hupimwa hivi, baada ya mivujo ya nje kuzibwa: washa injini, kanyaga pedeli kwa uzito wa kawaida, tulia nayo dakika nzima. Ikizama taratibu chini ya mguu wako na nje hakuna tone, raba za ndani ya masta zimekwisha, nunua mpya. Lakini wewe hujaniambia inazama. Umeniambia inaingia chini na ukiipampu inapanda. Hiyo ni habari nyingine: ama kuna upepo ndani ya paipu, ama shuu za nyuma zimekaa mbali na dramu kwa sababu ajasta, vile vifaa vya kuzisogeza karibu, zimeganda kwa kutu. Nionavyo mimi, kwako ni yote mawili. Akishikilia neno lake, mwambie alegeze nati zinazoishikilia masta kwenye boosta, lile dude la duara linaloongezea mguu nguvu, aivute mbele kidogo akuonyeshe nyuma yake. Pakiwa pamelowa mafuta, masta inavujia ndani ya boosta na yeye ana haki. Pakiwa pakavu, asubiri.

Spea za nyuma zinunuliwe kwa jozi, kushoto na kulia, silinda na shuu. Shuu iliyolowa mafuta haisafishiki. Wataiosha kwa petroli, itakauka, itaonekana mpya, na breki ikipata moto mafuta yatatoka tena ndani ya laini yake, ile tabaka ya kusugua. Dramu ipimwe kabla ya kuchongwa: kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye dramu yenyewe. Ikipita hapo ni chuma chakavu. Ajasta ifunguliwe, isafishwe, ipakwe grisi ya kustahimili joto, kisha ikazwe mpaka dramu ianze kukwaruza, irudishwe nyuma kidogo mpaka izunguke huru.

Kutoa upepo kunaanzia tairi lililo mbali zaidi na masta. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia ni nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Ile valvu ya mzigo ikiwa na skrubu yake ya kutolea upepo, nayo isisahauliwe. Anayekanyaga asiishushe pedeli mpaka sakafuni. Masta ya zamani ina sehemu ya mwisho ambayo raba haijapita kwa miaka, pana kutu na uchafu. Raba ikipelekwa huko kwa nguvu huchanika, na hapo yule fundi wa pili atakuwa amepata anachokitaka. Wekeni kipande cha mbao chini ya pedeli. Mafuta yanayotoka kwenye mpira wa kutolea upepo yasirudishwe kikoponi hata yakiwa meupe kama maji.

Siku ya kulijaribu, litoke tupu, mahali pasipo na watu, mwendo wa kilomita 20 kwa saa, mikono ikiwa myepesi kwenye usukani ili dereva aone kama linavuta upande. Kisha ndiyo lipakiwe. Sakafu izibwe matundu, maji ya barafu yapewe mpira wake wa kuyatoa nje ya gari mbali na ekseli, na kila likirudi limwagiwe maji ya bomba kwa chini kabla halijalala. Niandikie tena unieleze mlikuta nini.

Shikamoo fundi. Naendesha Hiace ya abiria Lushoto na Mombo. Nikipanda breki safi. Nikishuka nimejaza, nikishapita Soni pedeli inaanza kuwa laini, siku nyingine inakwenda nusu. Nikisimama dakika 20 inarudi yenyewe kama haikuwa na ugonjwa. Hakuna kinachovuja. Wenzangu wananiambia nimwagie maji matairi.
Dereva, Mombo

Marahaba, mwanangu. Mafuta yako yanachemka.

Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa, hata kupitia hozi za raba. Ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, lazima yastahimili nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinashuka hadi 140. Wewe unashuka mteremko wa zaidi ya kilomita 30, kona juu ya kona, mguu uko kwenye breki. Joto la pedi linapita kwenye pistoni, linafika kwenye mafuta, yale maji yaliyomo yanageuka mvuke. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Ndiyo ule ulaini unaousikia chini ya mguu. Gari likipoa mvuke unarudi kuwa kimiminika, na wewe unaendelea na safari ukidhani umepona.

Ingekuwa pedeli inabaki juu, ngumu, lakini gari halisimami na unasikia harufu ya kuungua, ningekwambia ni pedi na shuu zimezidiwa na joto. Hizo mbili zisichanganywe, dawa zake ni tofauti.

Kwako dawa ya kwanza ni kumwaga mafuta yote na kuweka mapya kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo hiyo. Chupa iliyokaa nusu kwenye rafu ya gereji imeshanyonya unyevu. DOT 4 inakubaliana na mfumo wa DOT 3 na inastahimili zaidi, nyuzi 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na unyevu, kwa njia yako ningeichagua hiyo. DOT 5 usiiguse, hiyo ni ya silikoni na haichanganyiki na hizi. Badilisha kila baada ya miaka 2, kwa mlima huo hata kila mwaka. Pia nyanyua kila tairi uzungushe kwa mkono. Kalipa, kile kibano cha pedi, iliyoshika kutu inapasha moto mafuta hata wakati hujakanyaga.

Dawa ya pili iko mkononi mwako. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Kama kipande hicho unakipanda na namba 2, kishuke na namba 2, na uiingize kabla mteremko haujaanza. Breki ikanyagwe kwa uthabiti, ipunguze mwendo, iachiwe ipoe. Isiburuzwe njia nzima kwa mguu uliolegea. Nimesikia wapo wanaotia nyutro ili kubana petroli au dizeli. Mwanangu, ukiwa kwenye nyutro na breki zimechemka huna chochote cha kulishikilia gari. Nakusihi usifanye hivyo hata gari likiwa tupu.

Maji usimwagie. Diski ya moto ikipata maji baridi hupinda, dramu hupasuka. Simama mahali pana nafasi, weka gia na kigingi cha jiwe, hendibreki usiivute, ungoje zipoe zenyewe. Abiria watanung'unika. Waeleze ukweli.

Fundi, Hiace yetu ya dizeli inabeba wanafunzi kutoka Pongwe. Pedeli imekuwa ngumu kama jiwe tangu alternata ilipofanyiwa ukarabati. Nakanyaga kwa miguu miwili. Fundi umeme anasema breki hazimhusu.
Kijana wa Pongwe

Zinamhusu, na watoto wasipande mpaka amalize. Gari la petroli hupata mvuto wa boosta kutoka kwenye injini yenyewe. Dizeli haina mvuto huo, kwa hiyo injini hizi za 2L na 3L zimewekewa pampu ya vakyumu nyuma kabisa ya alternata, inazunguka kwa shafti hiyo hiyo. Aliyefungua alternata ameigusa pampu.

Jipime hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedeli mara tano au sita mpaka iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa. Pedeli ikishuka kidogo chini ya mguu, boosta inapata mvuto. Isiposhuka, chomoa ule mpira wa vakyumu unaokwenda kwenye boosta, ziba tundu kwa kidole gumba injini ikiwa inanguruma. Kidole kikivutwa kwa nguvu, tatizo ni boosta au valvu yake ya kuzuia mvuto usirudi. Kisipovutwa, tatizo liko kwa fundi umeme: mpira umepasuka au haukubanwa, au vile vibao vinavyozunguka ndani ya pampu vimekwisha au vimerudishwa vibaya. Pampu hiyo hulainishwa na oili ya injini, basi akague na mpira wa kuleta oili na wa kuirudisha kama viko mahali pake. Mwambie kwa heshima, lakini usilichukue gari mpaka umwone amefanya kile kipimo cha pedeli mbele yako.

Kaka, juzi breki zilipungua mafuta nikiwa Segera usiku, maduka yamefungwa. Nikaweka mafuta ya usukani kidogo, kijiko tu. Leo gari langu linakuwa zito, matairi yanapata moto, nikizima kwa saa moja linaachia. Mfuniko wa kikopo nao umekataa kufunga. Nimwage mafuta niweke mapya?
Msomaji, Korogwe

Mdogo wangu, pole, lakini kumwaga tu hakutoshi. Raba za breki zimetengenezwa zifae na mafuta ya breki peke yake. Mafuta ya usukani, ya injini, haidroliki, dizeli, vyote vinatokana na mafuta ghafi, na raba hizo zikivigusa huvimba na kulainika. Huo mfuniko wako ndio ushahidi: raba yake ya ndani imekuwa kubwa kuliko nafasi yake. Raba ya masta nayo imevimba hivyo hivyo, imefunika kile kitundu kidogo ambacho mafuta hurudia kikoponi ukiachia pedeli. Mafuta yanabanwa kwenye paipu, breki zinabaki zimeshika, matairi yanaungua.

Usiliendeshe hata kwenda gereji, livutwe kwa gari la kubebea. Kila chenye raba kinabadilishwa: masta, kalipa, wili silinda, hozi zote za kunyumbuka, na raba ya mfuniko. Paipu za chuma zinabaki, zisafishwe kwa mafuta mapya ya breki au spiriti, zipulizwe zikauke. Zisisafishwe kwa petroli, kwa kuwa tone likibaki mle ndani raba mpya nazo zitakwenda njia hiyo hiyo.

Na ulipokuwa Segera mafuta yalikuwa yamepungua kabla hujaweka kijiko hicho. Gari likiwa limefunguliwa hivyo hivyo, mwambie fundi atafute yalikotokea.